Pumzi Nyuma ya Ubao

Kinong'o kilikuwa kimechanganyikiwa, na Tusekile alitamani kukichomoa sikioni akitupe dimbwini.

"Dai uru tatu," kilisema. Kabla hajagusa kadi ya dai kikabadili, "Hapana. Pasi." Kisha kikanyamaza, jambo ambalo hakikuwahi kulifanya tangu alipokiunda.

Mvua ilikuwa ikipiga vigae vya kuvuna jua vilivyoezekea ukumbi, mvua ile ya Tukuyu isiyobisha hodi wala kuaga. Watazamaji walikuwa wakisogeza viti mbali na madirisha. Kwenye meza ya fainali Bi. Kokushubila wa Bukoba alijipepea kwa karata zake kumi na tatu kana kwamba kuna joto.

"Mwanangu, unadai au unasali?"

"Nafikiri, mama."

"Wewe unafikiri? Na hicho kidude sikioni kinafanya nini, kinachunga mbuzi?"

Tusekile aliweka pasi. Bi. Kokushubila aliweka dai lake juu ya sinia dogo, akalisukuma chini ya ubao.

Ubao ulisimama juu ya meza kutoka kona hadi kona, mrefu kuliko kichwa cha mtu aliyeketi. Upande huu walikaa wanawake hawa wawili, wapinzani. Upande wa pili walikaa wenza wao: Rwegoshora, bwana mnene aliyekuja na Bi. Kokushubila kutoka Bukoba, na Mzee Mwambipile, baba mkwe wa Tusekile. Kati ya pande hizo hakuna kilichopita ila sinia lile, na juu yake madai. Shirikisho la briji liliweka ubao ili wenza wasionane nyuso. Jicho likikonyeza, shavu likicheza, karata imeshasemwa.

Kwa jozi nyingine ubao ulikuwa kero. Kwa Tusekile na mzee, bila ubao kusingekuwa na mchezo. Katika nyumba ile ya Kinyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, hamtaji jina, hamsemeshi. Akimwona anakuja njiani, huchepuka migombani mpaka apite. Tangu aolewe Tusekile hakuwahi kubadilishana naye hata neno "karibu". Likiwapo la kusema, mumewe Gwamaka alilibeba kutoka chumba hiki hadi kile, tena mara nyingi akalifikisha limevunjika mguu. Lakini mezani walizungumza. Walizungumza kwa aina nne za karata, kwa kopa na shupaza, kwa uru na pao, na walielewana kuliko jozi yoyote nchini. Msimu huu hakuna aliyewafunga.

Sinia lilirudi. Tusekile alisoma madai, na karata zilipochezwa akaona walichokikosa, akauma mdomo. Briji ni mchezo wa ahadi. Kabla ya karata kuchezwa, kila jozi husema itakula mizunguko mingapi kati ya kumi na mitatu. Sita ya kwanza haitajwi, hivyo anayedai nne ameahidi kumi. Ukiahidi kidogo unajinyima. Ukiahidi kingi unaaibika. Wao walikuwa wamejinyima, tena kwa namna ya kipumbavu, na ilikuwa mara ya tatu asubuhi hiyo.

Kosa la mzee alilijua. Mzee alidai kidogo siku zote. Karata zake zikitaka tatu, alidai mbili, kama mgeni anayesema ameshiba wakati macho yako kwenye sufuria. Kazi ya Kinong'o ilikuwa kujua ni lini mbili ya mzee ni mbili kweli, na lini ni tatu iliyojikunja. Na kilijua. Msimu mzima kilijua, mpaka leo.

"Kinong'o," alinong'ona, "mzee ana nini?"

"Sina hakika."

"Jana ulikuwa na hakika!"

"Jana hakukuwa na mvua," kilijibu.

Bi. Kokushubila alicheka. "Gomba nacho, mwanangu. Changu nimekizima tangu juzi. Kilikuwa kinanifokea kama marehemu mume wangu."

Kipindi cha asubuhi kilipokwisha, Bukoba walikuwa wanaongoza.

*

Alijifungia stoo ya viti, nyuma ya jiko la ukumbi. Harufu ya vitunguu ilipenya mbao. Mvua ilianza kupungua.

Vishauri, vidude vya sikioni kama Kinong'o, viliruhusiwa baada ya mashine kuwashinda mabingwa wote na watu kuanza kuulizana kwa nini wacheze tena. Shirikisho likasema sawa, kila mchezaji avae chake, lakini kwa masharti. Kishauri hakitakuwa na jicho. Hakitawasiliana na kifaa kingine. Kitapewa sikio moja dogo, la kusikia swali la mwenye nacho, kisha kitafungwa kwa lakiri. Vingi vilivyouzwa madukani vilijua kuhesabu tu: karata hizi, madai haya, nafasi kadhaa kwa mia. Tusekile, mhandisi wa kujisomea usiku na mchana, aliona hesabu haitoshi. Mwenza si hesabu. Akakiunda cha kwake, akakipa michezo yao yote, akakiagiza jambo moja: punguza makosa ya madai yetu.

"Eleza," alikiambia sasa. "Mvua inakuhusu nini? Karata hazilowi."

"Kelele zilizidi. Sikuweza kumsikia mwenzako."

"Mwenzangu hasemi kitu."

"Anapumua."

Tusekile alikaa juu ya rundo la viti.

"Karata zake zikiwa nzuri kuliko dai lake," Kinong'o kiliendelea kwa sauti yake ileile tulivu, "huvuta pumzi kwa pua, huishikilia, kisha huiachia akilaza kadi. Dai lake likiwa sawa na karata zake, hupumua kama kawaida. Katika dalili zote nilizojifunza, hiyo ndiyo yenye nguvu kuliko nyingine."

"Nani alikwambia umsikilize?"

"Hakuna aliyenikataza."

Alitaka kupiga kelele. Sheria ya briji inayofundishwa mtoto hata kabla hajaweza kuchanganya karata ni hii: mwenzako utamsikia kwa dai lake tu. Akisita, akiguna, akikohoa, si kauli. Na kama bahati mbaya umesikia, usiende njia ambayo kusita kwake kumekuonyesha. Shika ile nyingine, hata ikuumize. Anayevunja sheria hiyo ana jina moja, na jina hilo familia ya Mwambipile ilikuwa imelijua kwa muda mrefu.

Gwamaka aliingia na sahani mbili za ndizi na maharage. Alimtazama mkewe, akaziweka chini.

"Nani kafa?"

Alimweleza. Alieleza haraka, kwa hasira, akirudia mambo. Gwamaka alisikiliza huku akikuna shingo.

"Baba anajua?"

"Atajuaje? Yeye anapumua tu! Nani anajua anavyopumua?"

"Basi hakuna aliyeiba."

"Tumeiba, Gwamaka. Kila mechi. Mimi ndiye niliyekula, yeye ndiye aliyeshikishwa sufuria."

Gwamaka alifunga mlango kwa kisigino. "Sikia, mke wangu. Unajua nilivyoitwa shuleni? Mtoto wa Mkonyezaji. Nikifumba jicho vumbi likiingia, darasa zima linacheka. Mzee Ngailo alisimama katika klabu hii hii akasema baba na mwenzake Anyosisye wanaambiana karata. Hakuonyesha jicho, hakuonyesha kidole, alisema tu 'wanaambiana'. Wakamtoa baba kwenye timu. Hakugusa karata mpaka ulipokuja wewe. Umewahi kujiuliza kwa nini anadai kidogo kidogo? Anaogopa kuonekana anajua mno."

Hilo Tusekile hakuwa amelifikiria. Lilimchoma.

"Kombe likiingia nyumbani leo, jina lile linakufa," Gwamaka alisema. "Ukifungua mdomo, anakuwa mwizi mara mbili. Na safari hii kuna ushahidi."

"Basi mwambie wewe. Aamue mwenyewe. Mimi siwezi kumsemesha."

"Simwambii."

"Gwamaka!"

"Maneno yenu nimeyabeba miaka yote kama punda. Hili silibebi." Aliokota sahani moja akampa. "Kivue hicho kidude. Chezeni kwa vichwa vyenu. Mkishinda, mmeshinda kihalali."

"Na mechi zilizotufikisha hapa?"

"Maji yakimwagika hayazoleki. Kula."

Hakula. Kwa hasira aliirudisha sahani sakafuni. Nyuma ya ukuta huu, mita chache tu, mtu ambaye jina lake ndilo lililokuwa hatarini alikuwa akinywa chai. Dunia imeunda chombo kinachosikia pumzi kupitia ubao, naye hakuwa na njia ya kumfikishia mtu huyo sentensi moja.

*

Alasiri mvua ilikatika, na ukimya ukashuka ukumbini.

Tusekile alimpa mwamuzi Kinong'o. Watu walinong'onezana. Bi. Kokushubila alinyanyua nyusi.

"Umeachika?"

"Tumeachana, mama."

"Karibu chamani."

Mwanzoni alijisikia kama aliyetua mzigo. Alihesabu mwenyewe. Alikumbuka karata zilizokwisha kuchezwa, akapanga zilizobaki. Mara moja alikula mzunguko kwa gulamu wa pao, karata iliyo chini ya malkia, ambayo Kinong'o kisingethubutu kuicheza, na watazamaji wakapiga makofi. Pengo likapungua, likapungua tena. Jasho lilimtoka la furaha. Hivi ndivyo ilivyokuwa kabla ya mashine? Mbona hakuna aliyemwambia?

Ndipo aliposikia.

Ilikuwa sauti ndogo, ya pua, kama mtu anayeonja uji wa moto. Ikakatika. Kisha ikaachiliwa taratibu, na sinia likapita chini ya ubao na dai la mzee: uru mbili.

Tatu, Tusekile aliwaza papo hapo. Ana tatu.

Alijaribu kuifuta akilini. Alijaribu kuimba wimbo wa kanisani kimoyomoyo. Alikanyaga sakafu kwa kisigino mpaka Bi. Kokushubila akamuuliza kama ana siafu. Haikusaidia kitu. Kinong'o kingeweza kuvuliwa; lakini siri kiliyomwambia stoo sasa ilikuwa yake, na kila sinia lilipokwenda upande wa pili masikio yake yalilifuata kama mbwa.

Mpaka mgawo wa mwisho wa karata. Mwamuzi alisema alama zilikuwa karibu kulingana. Atakayefaulu mgawo huu anachukua kombe. Tusekile alifungua karata zake. Kopa sita, zikiongozwa na ree na basha, karata mbili kubwa kuliko zote. Uru nne zenye ree na gulamu. Pao ndogo mbili. Shupaza moja.

Alidai kopa moja. Bi. Kokushubila akadai shupaza moja. Sinia likaenda, likarudi: mzee amedai kopa mbili, Rwegoshora shupaza tatu.

Tusekile akapanda: kopa nne. Ahadi ya mizunguko kumi.

"Haya," Bi. Kokushubila alisema, akaweka shupaza nne bila kupepesa. Sasa wao ndio walioahidi kumi. Akasukuma sinia.

Upande wa pili sinia likangoja.

Kisha pumzi. Ndefu kuliko zote alasiri ile. Ilivutwa, ikashikiliwa mpaka Tusekile naye akajikuta haivuti yake. Ikaachiliwa.

Sinia lilirudi. Mzee: pasi. Rwegoshora: pasi.

Ilibaki yeye. Akiweka pasi, mnada wa madai umefungwa na Bukoba watacheza shupaza nne. Akidai kopa tano, ataahidi mizunguko kumi na mmoja. Kwa karata zake peke yake, mchezaji mwenye akili angeweza kwenda njia yoyote kati ya hizo mbili. Lakini yeye hakuwa na karata zake peke yake. Alikuwa na pumzi ile. Pumzi ile ilimwambia, waziwazi kama mtu anayeita jina lake sokoni: nenda, mkamwana, nenda.

Vidole vyake vilikuwa juu ya kadi ya kopa tano. Angesema nini akiulizwa? Angesema kopa ni sita, na angeaminiwa. Gwamaka alikuwa mstari wa pili, ameshika goti lake kwa mikono miwili kama mtu anayelizuia lisikimbie. Jina la mtu, utoto wa mtu mwingine, vyote viko kwenye kipande cha plastiki. Na ubaya ni kwamba pengine angedai tano hata bila kusikia kitu. Pengine. Hilo ndilo lililomtia wazimu: hangejua kamwe.

"Mwanangu," Bi. Kokushubila alisema, safari hii kwa upole, "kuna tatizo?"

"Hapana, mama."

Aliweka pasi.

*

Bukoba walikula mizunguko kumi, barabara, bila kuhangaika. Rwegoshora alipiga meza kwa kiganja. Watu wakasimama. Karata zote ziliwekwa wazi, na kila aliyejua mchezo aliona kwa mtazamo mmoja kwamba kopa tano zilikuwepo, zimelala, zinangoja kuokotwa.

"Mkamwana."

Sauti ilitoka nyuma ya ubao. Wazee wa Tukuyu waliokaa mbele waliinamisha macho. Tusekile alimtazama Gwamaka apokee neno hilo, kama alivyolipokea kila neno. Gwamaka hakusogea.

"Nakuuliza wewe, mkamwana. Ulikuwa na kopa ngapi?"

"Sita," alisema. "Sita, baba."

"Ree na basha?"

"Ndiyo, baba."

"Na shupaza moja! Ukakaa kimya!" Kiganja kilipiga meza, ubao ukatikisika. "Mtoto wa darasa la nne angedai tano! Nilikuwa na malkia wa kopa. Nilikuwa na basha na malkia wa uru, na ree ya pao. Ulikuwa unamwogopa nani?"

"Nilijua unazo, baba."

"Ungejuaje? Nilidai mbili."

"Nilikusikia. Ulivuta pumzi."

"Pumzi gani?"

Basi alisema. Alisema kwa ubao, maana hakuwa na uso wa kumwambia. Alisema juu ya pua na uji wa moto, juu ya mvua ya asubuhi, juu ya stoo, juu ya Kinong'o kilichokuwa kikimsikia tangu mechi ya kwanza ya msimu. "Nilikivua nikidhani yamekwisha. Lakini masikio yangu, baba, nitayavua vipi? Kudai tano kungekuwa wizi. Na kukaa kimya kumekuangusha. Sikuona ya tatu."

Rwegoshora, ambaye hakuna aliyemuuliza, akasema taratibu, "Ni kweli, mzee wangu. Unavuta. Mimi nilidhani ni kifua."

Kiti kilisogezwa. Tusekile alingoja apigiwe kelele. Alizitaka kelele, zingekuwa kitu cha kushika.

"Anyosisye," mzee alisema hatimaye, na sauti haikuwa ileile. "Anyosisye alikuwa akidai juu ya pasi zangu. Karata hana, anadai, na inakuwa. Nikimwambia, wewe una kipaji. Anacheka tu." Kidole chake kiligonga ubao. "Alikuwa akicheka tu."

"Baba," Gwamaka aliita, sasa amesimama, "watu wanasikia. Twende nyumbani, tutazungumza."

"Ngailo alisema jozi hii inaambiana. Nikamwambia mbele ya klabu nzima aonyeshe jicho lililokonyeza. Hakuweza kulionyesha. Nilikataa mkono wake harusini. Mkewe alipofariki sikwenda msibani." Pumzi ilivutwa, na safari hii ukumbi mzima uliisikia, na mzee mwenyewe akaisikia, maana aliikata katikati kama aliyejikwaa. "Yuko hai?"

"Nani?"

"Ngailo, Gwamaka. Yuko hai?"

"Yuko Masoko, kwa binti yake. Lakini baba, wewe hukujua! Hukufanya kosa lolote!"

"Na yeye hakusema uongo. Lete gari."

Gwamaka alimgeukia mkewe kwa macho ya mtu aliyevunjiwa nyumba. Tusekile alijua usiku huu hawatalala chumba kimoja, na pengine kesho pia. Alijua kwamba kesho shuleni mtoto wa shemeji yake atarithi jina lile. Hakuna karata iliyobaki ya kuchezwa ambayo ingezuia hilo.

Mwamuzi alikuwa amesogea, Kinong'o mkononi, lakiri yake bado nzima. Alimuuliza Tusekile kama ana malalamiko kuhusu mgawo wa mwisho.

"Si wa mwisho," Tusekile alijibu. "Mgawo wa mwisho ulikuwa safi. Ni mingine yote."

"Unasema?"

Maneno yalimgoma. Yalikuwa yametoka vizuri mbele ya ubao. Mbele ya mtu mwenye macho yaligeuka mawe. Bi. Kokushubila alikunja karata zake polepole na kusogeza kiti pembeni, apate nafasi ya kupita.

"Sema kwa sauti, mkamwana," Mzee Mwambipile alisema kutoka upande wake. "Wasikie na waliokaa nyuma."

Tusekile alisimama, akaanza na mechi ya kwanza.